Sekunde Tisini kwa Kila Kikosi: Kuishinda Ghorofa ya 12 Ukiwa Singida

Ukimaliza chumba ukabakiwa na sekunde 415, unapewa nyota mbili. Ukibakiwa na 425, tatu. Katikati ya hapo hakuna cha maana unachoweza kufanya, labda kupiga chafya mara mbili, lakini kwa ajili ya sekunde hizo nimewahi kurudia chumba kimoja siku tatu mfululizo huku simu ikinichoma viganja kama kiazi kilichotoka jivuni.

Nazungumzia Genshin Impact, gemu la kampuni ya miHoYo ya Shanghai lililotoka tarehe 28 Septemba 2020, na hasa lile eneo lake linaloitwa Spiral Abyss. Sisi tunaokutana jioni pale Ipembe, hapa Singida, tunaliita Abisi, basi. Kama unacheza, unajua ninachokisema. Kama huchezi ila una kijana nyumbani anayeamka saa 12 asubuhi kila tarehe 16 bila kuamshwa, soma tu, utajua anaamkia nini.

Abisi ina ghorofa 12. Nane za kwanza unazipita mara moja na zawadi zake zimekwisha. Kuanzia ya 9 hadi ya 12 nyota hufutwa kila mwezi na unaanza upya. Kila ghorofa ina vyumba vitatu, kila chumba nyota tatu, kwa hiyo nyota zote ni 36. Kuanzia ghorofa ya 5 kila chumba kina nusu mbili, na kila nusu inapigwa na kikosi chake cha wahusika wanne. Aliyeingia kikosi cha kwanza haruhusiwi kuingia cha pili. Ukifika ya 12, saa inaanza kuhesabu kutoka dakika 10 kurudi nyuma, na nyota ya tatu inataka ubakiwe na zaidi ya sekunde 420. Toa mwenyewe: una sekunde 180 kwa nusu zote mbili. Tisini huku, tisini kule.

Wengi wakishindwa hapo wanadhani wamekosa nguvu. Wanaingia dukani kununua vito ili wamvute mhusika wa nyota tano, na pesa hiyo mara nyingine ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Mimi nakuambia ulichokosa ni zamu. Mtazame dereva wa lori la vitunguu anavyoupanda Mlima Sekenke: hasubiri injini ilemewe ndipo atafute gia. Anabadili mapema, na kila gia inakaa pale inapohitajika, haipitilizi hata kidogo. Kikosi cha watu wanne ni gia nne. Anayemng'ang'ania mhusika mmoja mpaka mwisho anapanda Sekenke kwa gia ya tano.

Wahusika nitakaokutajia ni wa nyota nne, isipokuwa Msafiri ambaye kila mchezaji anaanza naye. Kitu cha nyota nne, mhusika au silaha, huhakikishiwa ndani ya kila mivuto kumi, wakati wa nyota tano unaweza kumsubiri hadi mvuto wa 90. Xiangling hata huhitaji kumvuta, maana unapewa bure ukimaliza chumba cha tatu cha ghorofa ya 3 ya Abisi yenyewe.

Kikosi cha kwanza ni Xingqiu, Bennett, Sucrose na Xiangling. Wachezaji duniani wanaita mpangilio wa hawa jamaa kikosi cha taifa, na karibu kila mtu anaweza kuwa nao. (Utani wa Taifa Stars utafute mwenyewe.) Kazi ya kikosi hiki ni moja: adui alowe, kisha apigwe moto akiwa amelowa. Moto ukimkuta adui mwenye maji, pigo linazidishwa kwa 1.5. Maji yakimkuta adui mwenye moto, linazidishwa kwa 2. Utauliza, kwa nini basi tusifanye hilo la pili? Kwa sababu moto wa Xiangling ni mzito na unapiga kila unapozunguka, na moja na nusu ya pigo zito ni kubwa kuliko mbili ya pigo jepesi.

Zamu yenyewe inakwenda hivi. Anaingia Xingqiu, anatoa ujuzi wake na pigo lake kuu. Kuanzia hapo, kwa sekunde 15, kila mtu wako akipiga pigo la kawaida panga za mvua zinamshukia adui. Anafuata Bennett, anaweka duara la moto chini. Duara hilo hukaa sekunde 12, linaponya walioumia na linaongeza nguvu ya mashambulizi kwa aliyesimama ndani. Sucrose anaingia, anapuliza upepo wake uupitie ule moto wa Bennett. Akiwa amevaa seti ya Viridescent Venerer, kinga ya adui dhidi ya moto inashuka kwa asilimia 40. Ndipo Xiangling anaingia, akiwa ndani ya duara, na kuachia moto unaozunguka kwa sekunde 10.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonichukua miezi kulijua. Moto wa Xiangling hubeba nguvu aliyokuwa nayo pale ulipowashwa. Ukiuwasha ukiwa ndani ya duara la Bennett, utaendelea na nguvu ile ile hata duara likizimika, hata ukikimbia mbali nalo. Ukiuwasha nusu hatua nje ya duara, umeuwasha maskini, na utabaki maskini sekunde zote kumi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, angalia miguu. Hiyo nusu hatua ndiyo zile chafya mbili.

Moto ukishawaka, mrudishe Sucrose au yeyote awe anapiga mapigo ya kawaida ili mvua ya Xingqiu isikatike. Hapa wengi wanasimama kutazama moto unavyozunguka. Ni mzuri kuutazama, sikatai, ila mvua inashuka kwa anayepiga tu.

Tatizo la pili la kikosi hiki ni nishati. Pigo kuu la Xiangling linadai nishati 80, naye peke yake haizalishi ya kutosha. Bennett ndiye betri yake. Bennett akitumia ujuzi wake kwa kubonyeza mara moja tu, bila kushikilia, zinatoka chembe za moto. Chembe ya moto ikipokewa na mhusika wa moto inampa nishati 3, akipokea wa elementi nyingine inampa 1. Tena aliye uwanjani ndiye anayepata yote, wale walio nje wanapata asilimia 60. Maana yake: Bennett akishabonyeza, mbadilishe upesi kabla chembe hazijafika, ili zimkute Xiangling uwanjani. Ukiwa ndani ya duara, ujuzi wa Bennett unarudi haraka zaidi, kwa hiyo unaweza kufanya hivyo mara mbili kabla duara halijaisha. Ukizoea, kidole kinaenda chenyewe.

Kwenye vifaa, Xiangling mpe mkuki unaoitwa The Catch. Hauuzwi kwa pesa, unavuliwa. Nenda Inazuma kwa wale wa chama cha wavuvi, wanataka samaki: Golden Koi 20, Rusty Koi 20 na Raimei Angelfish 6, ambao wanajitokeza usiku wa kwenye gemu. Mkuki huo unaongeza nishati na kulikuza pigo kuu, vitu viwili anavyovitaka Xiangling kuliko vyote. Mvalishe seti ya Emblem of Severed Fate na uhakikishe ujazaji wake wa nishati unakaribia asilimia 200. Bennett naye ana siri yake: nguvu anayogawa inatokana na shambulizi lake la msingi, yaani kiwango chake na upanga wake tu. Ua, unyoya na taji havimo kwenye hesabu hiyo. Mpe upanga wenye shambulizi kubwa la msingi, mpandishe yeye na upanga wake, halafu vifaa vingine vyote weka nishati na uhai. Nimeona watu wanamhangaikia Bennett vifaa vya shambulizi mwezi mzima. Jasho la bure.

Kikosi cha pili nitakieleza kwa ufupi zaidi, kwa sababu ni rahisi, na ndiyo raha yake. Elementi ya mimea iliingia kwenye gemu tarehe 24 Agosti 2022 na toleo la 3.0. Maji yakigusana na mimea, inadondoka mbegu. Umeme ukiigusa mbegu, mbegu inageuka mshale unaomfuata adui wenyewe. Mchukue Msafiri wa mimea, Collei, Barbara wa maji na Kuki Shinobu wa umeme. Msafiri na Collei wanaweka mimea, Barbara anakaa uwanjani akipiga, na pete ya umeme ya Kuki inazunguka kwa sekunde 12 ikilipua mbegu huku ikimponya aliye uwanjani.

Uzuri wa mishale hiyo ni kwamba ukubwa wake hautegemei nguvu ya shambulizi ya silaha ya Kuki wala kiwango cha ujuzi wake. Unategemea mambo mawili: kiwango cha Kuki mwenyewe, na umahiri wake wa elementi. Basi mpandishe hadi 90, saa ya mchanga, kikombe na taji vyote viwe vya umahiri, kisha mwache. Huna haja ya kumtafutia vitabu. Kwa mtu anayecheza bila kununua chochote, hakuna kikosi kinacholipa jasho lake vizuri kama hiki. Angalia tu pete ya Kuki isizimike. Uwanjani hazikai mbegu zaidi ya tano kwa wakati mmoja, na ya sita ikidondoka ile ya zamani inapasuka yenyewe bila kuwa mshale. Alizeti iliyokaa shambani mpaka ndege wakaila, hiyo.

Kabla hujabonyeza kuanza, soma orodha ya madubwana. Gemu lenyewe linakuonyesha nani yuko nusu ya kwanza na nani ya pili, lakini watu wanaipita kama tangazo. Kuna mwenye ngao ya barafu? Mpelekee kikosi cha moto. Kuna dubwana la moto lisiloungua? Badilisha vikosi, upande huo aende Kuki. Nusu ya mwezi wetu mmoja ilipotea kwa sababu vikosi vilikuwa vizuri ila vimesimama pande zisizo zao. Halafu hesabu mawimbi. Kama wimbi la kwanza lina vidogo vitatu na la pili lina kubwa moja, usimwage mapigo makuu yote kwa kidogo kilichobakiwa na uhai wa kucha. Kimalizie kwa mapigo ya kawaida, ingia wimbi la pili na duara jipya.

Kabla ya kila chumba pia utapewa kadi tatu uchague moja. Nyingine inafanya kazi chumba hicho tu, nyingine ghorofa nzima, kwa hiyo soma kabla hujachagua. Chakula usikitegemee: ndani ya Abisi hakiliwi. Na nyota ulizokwisha kupata haziondoki mpaka mzunguko uishe. Unaweza kutoka, kubadili kikosi, ukarudi kwenye chumba kile kile kilichokushinda.

Sasa tuje kwa watu. Abisi anaingia mtu mmoja, hakuna kuingia na rafiki. Lakini hakuna sheria inayokataza watu watatu kukaa kwenye benchi moja. Sisi tulianza kushinda ghorofa ya 12 siku tulipogawana kazi. Mmoja ameshika simu. Wa pili, ambaye kwetu ni mdogo wangu wa kidato cha tatu alipokuwa likizo, ameshika saa: chumba kikianza anaanza kuhesabu, na kila sekunde 20 anataja namba. Wa tatu haangalii adui hata kidogo. Anaangalia vile viduara vya wahusika pembeni, na Xiangling akijaa nishati anasema "Xiang!" Neno moja. Mwanzoni alikuwa anasema sentensi nzima, na sentensi inakula sekunde tatu.

Aliyeshika simu huona madubwana tu, hawezi kuona kingine. Ndiyo maana mchezaji mzuri akicheza peke yake anashindwa na mchezaji wa kawaida mwenye macho sita. Ukikosa wenzako, rekodi skrini jaribio moja, kisha itazame polepole na saa mkononi. Usitafute kosa la kidole. Tafuta sekunde ambazo hakuna aliyekuwa anapiga: kukimbilia adui, kusubiri pigo kuu lijae, kumkwepa mtu ambaye hata hakukulenga. Ukizijumlisha utashangaa.

Msaada wa kucheza pamoja kabisa upo, ila ni nje ya Abisi. Ukifika daraja la 16 la msafiri unaweza kuwaalika wenzako watatu, na mkiwa wanne kila mmoja anabeba mhusika mmoja. Hapo ndipo pa kutafutia vifaa. Pangeni kabla ya kuingia nani analeta maji na nani analeta moto, kwa sababu wanne wakija na moto wote mtakesha. Kumbukeni pia kwamba uhai wa adui unaongezeka mkiwa wengi, na mkiwa pamoja hamwezi kusimamisha gemu mama akiita. Kila mtu analipia zawadi kwa utomvu wake mwenyewe: akiba haizidi 200, na tone moja linarudi kila baada ya dakika 8, yaani kutoka sifuri hadi kujaa ni saa 26 na dakika 40. Usiache ujae ukalala nao.

Simu ndiyo adui ambaye haonyeshwi kwenye orodha. Shusha picha hadi kiwango cha chini kabisa na uweke fremu 30. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko 60 zinazokwama kila Xiangling anapowasha moto, kwa kuwa pale panapokwama ndipo kidole kinapokosa zamu. Weka lugha moja tu ya sauti na ufute mafaili ya misheni ulizokwisha kumaliza, gemu lina sehemu yake ya kufanya hivyo. Vua kava. Usicheze huku umechomeka chaji, joto la chaji na la gemu yakikutana simu inajipunguza kasi yenyewe.

Hapa Singida ina upendeleo wake. Kama akaunti yako uliifungua upande wa Ulaya, siku mpya ya gemu huanza saa 12 asubuhi kwa saa zetu. Walio upande wa Asia inaanza saa 5 usiku, wa Amerika saa 6 mchana. Saa 12 asubuhi, hasa Juni na Julai, upepo unaotoka ziwa Singidani unapoza simu kuliko feni yoyote ya kubandika. Mimi majaribio yangu ya maana nayafanya muda huo, nimekaa nje na shuka mabegani. Mchana wa Oktoba simjaribu hata bosi wa kawaida.

Bando haliliwi na Abisi. Kucheza kwenyewe kunakula kidogo, kinachokula ni masasisho, yanayokuja kila baada ya wiki sita. Siku chache kabla ya toleo jipya gemu hukuruhusu kupakua mapema. Tumia bando la usiku hapo, usingoje siku yenyewe. Ukiwa na wenzako, anayerusha intaneti kwa wengine asiwe ndiye anayepigana, simu yake ikipigiwa katikati ya chumba mtandao unaweza kukatika ukatupwa nje na jaribio limepotea. Na kama umeme wa kwenu hautabiriki, anza chumba chaji ikiwa juu ya nusu. Simu ikianza kubana chaji, na gemu linabanwa.

Neno kuhusu makasha. Kila ghorofa ina kasha la nyota 3, la 6 na la 9. Ukikwama ghorofa ya 12 na nyota nane, umekosa kasha moja tu. Zawadi za mzunguko mzima ni vito 800, na mvuto mmoja ni vito 160, kwa hiyo hata ukikusanya yote umepata mivuto mitano. Hakikisha kwanza ghorofa za 9, 10 na 11 zina nyota zote 27, ndipo ukasumbuke na ya 12. Ikifika tarehe 15 jioni na chumba cha tatu kinakugomea, mpe mwenzako simu ajaribu mara mbili, kisha zimeni mkale. Kuku wa kienyeji hangoji.

Ila kabla ya kuzima, andika. Kikosi gani kilipiga nusu gani, kilitumia sekunde ngapi, kilikwamia wapi. Madubwana hubadilika, lakini makosa ya mtu ni yale yale. Yetu yako nyuma ya daftari la hisabati la mdogo wangu, chini ya milinganyo, kwa kalamu nyekundu: "Chumba cha 2, nusu ya kwanza, 97. Bennett kachelewa. Kaka alikuwa anaangalia moto."